Mtani Aliyegoma Kuzikwa

Siku tuliyomzika mzee Ndahani Chilewa, mume wangu ndiye aliyegoma kuzikwa.

Ilikuwa haki yake. Sisi Wahehe na Wagogo ni watani, na mtani msibani ana kazi yake: wenzake wakilia, yeye anachekesha. Fidelis wangu alikuwa hodari wa kazi hiyo kijiji chote cha Chihembe. Alivaa koti la marehemu, akashika fimbo yake, akatembea vile vile alivyotembea mzee, mguu wa kushoto ukiburuza vumbi kidogo, akaenda kujilaza ndani ya kaburi lililokuwa bado tupu. Akasema hatoki humo mpaka aletewe wali na nyama, maana yeye Ndahani hajashiba, na anayezikwa na njaa hakawii kurudi. Watu walicheka huku wanalia. Hata mjane, mama Mbeleje, ambaye tangu jana yake hakuwa ametia kitu kinywani, alicheka. Ni yeye aliyeinama pale ukingoni akampa kile kifungo cha sikioni cha mumewe. Alimwambia, "Kama wewe ndiye Ndahani, basi chukua na sikio lako."

Fidelis akakibandika kwenye sikio la kulia. La kushoto lilikuwa na chake mwenyewe. Akashinda navyo vyote viwili mpaka jioni, akiongea kwa sauti ya mzee, akitukana wapwa zake, akidai kila mtu amwamkie shikamoo. Nami nilicheka. Ungekuwepo na wewe ungecheka.

Tuliporudi nyumbani alikivua, akakiweka mezani, akasema kesho atakirudisha. Tukalala.

Alfajiri sanduku la ukutani likaanza kunguruma kama linavyonguruma kila siku, nami nikatulia kitandani nikisubiri nirudi. Tangu ile homa ya ukungu ipite nchini, vichwa vyetu havishiki. Ukilala, jana yote inamwagika, pamoja na miaka iliyo nyuma yake. Yanabaki maneno, na mikono inabaki na kazi yake, basi. Mengine yote yanatunzwa mahali patatu: kwenye kifungo cha sikioni, kwenye sanduku la nyumbani, na kwenye ghala la mkoa kule mjini. Kila alfajiri vitatu hivyo vinakaguana na kusawazishwa, kisha kifungo kinakusomea wewe ni nani. Kwanza linakuja jina. Halafu nyumba. Halafu yule aliyelala pembeni yako.

Nikarudi. Skolastika, mke wa fundi cherehani, nyumba ya pili kutoka kisimani. Nikageuka kumtazama wa pembeni yangu, nikakuta ameshaamka na ananitazama kwa woga.

"Mtani," akasema, "unafanya nini kitandani kwangu?"

Nikamwambia matanga yamekwisha, aache ujinga akaoge. Hakuacha. Alivuta shuka mpaka kidevuni kama mtu aliyefumaniwa, akaniuliza Mbeleje yuko wapi, akanisihi nitoke kabla hajaingia, maana yeye ni mtu mzima na mambo haya ni aibu. Mimi namjua Fidelis akitania. Huwa kona moja ya mdomo inamsaliti. Safari hii mdomo wote ulikuwa unatetemeka.

Ilipofika saa ya chai alikuwa amerudi. Akaniita Skola, akalalamika chai haina majani, akasema alikuwa na ndoto mbaya. Nikashusha pumzi. Kisha akakaa kwenye cherehani kushona sare za shule, na mikono yake ikafanya kazi kama kawaida, ikapitisha uzi, ikakunja pindo, lakini yeye alikuwa anaitazama hiyo mikono. Aliitazama kama unavyomtazama mgeni aliyejikaribisha sebuleni kwako. Nikamuuliza kuna nini. Akasema hajui imejifunzia wapi kazi hii.

Jioni, jua likiwa linazama, alijishika kifua mara moja, akakunja uso. Nikadhani ni gesi. Nikamchemshia tangawizi.

*

Siku ya pili hakurudi mpaka mchana. Nikamfunga kitambaa kichwani kufunika masikio yote mawili, maana alikuwa amekibandika tena kile cha mzee, nikamshika mkono, tukaenda mjini kwenye Kituo cha Kusawazisha.

Tulipokelewa na binti mmoja anaitwa Eliwaza, msawazishaji, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Fidelis aliachwa kwenye benchi la nje. Mimi akanikalisha mbele ya kioo kikubwa chenye safu mbili, akaandika jina, na safu zikajaa maneno. Nilisoma mstari wa juu. Upande wa kulia, kutoka hospitali: Ndahani Chilewa, amefariki, Jumamosi jioni. Upande wa kushoto, kutoka kwenye kifungo: Ndahani Chilewa, yu hai, anaongea, anadai wali na nyama. Chini yake kwa rangi nyekundu: Mgongano. Mtu mmoja, vifaa viwili, maelezo yanayopingana.

"Nani alivaa kifungo cha maiti?" akauliza.

Nikamweleza. Nikamweleza utani, kaburi, koti, fimbo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, halafu akafumba macho kidogo.

"Waliolitengeneza ghala hawakuwa na watani," akasema.

Alinifafanulia taratibu, na sikufichi, nilitamani asinifafanulie. Ghala haliamini kifo ikiwa bado kuna sauti. Lilipoona vifungo viwili kwenye kichwa kimoja, lilichukulia kwamba huyu ni mtu mmoja mwenye vifaa viwili, kama wale wakubwa wenye kimoja cha ofisini na kimoja cha nyumbani. Likaanza kuunganisha. Kila alfajiri linachukua kumbukumbu za Ndahani na kumbukumbu za Fidelis, linazipanga pamoja, na kila panapopingana linachukua mstari ulio mpya zaidi. Sasa kila asubuhi mume wangu anapoamka akijiita Ndahani, hayo maneno yenyewe yanaandikwa, na yanakuwa ndiyo mapya zaidi. Kesho yake Ndahani anapata nguvu kuliko jana. Kukivua kifungo hakusaidii tena, kwa sababu huko ghalani wameshakuwa mtu mmoja. Na ghala haliachi mgongano wazi milele. Ijumaa alfajiri litaufunga lenyewe, na atakayekuwa mpya zaidi ndiye atakayebaki.

Nikamwambia basi aziondoe za mzee, atuachie za kwetu, kazi iishe.

Akasema anaweza. Nakala safi ya Fidelis ipo, ya asubuhi ya mazishi kabla hajavaa chochote. Lakini za mzee zimeshachanganyika na hizi kama chumvi na sukari. Kuchambua haiwezekani, ni kumwaga tu. Akimrudisha Fidelis, kila kitu chenye alama ya Ndahani kitafutwa ghalani, chote, mpaka cha mwisho.

Nikasema mzee mwenyewe amekwisha kufa, atakitumia wapi. Ndipo Eliwaza akasogeza kiti chake karibu na changu, nami nikajua kuna jambo bado.

Mambo ya ndoa, akasema, hayaandikwi mara mbili. Ghala lingejaa. Kila alichoishi mama Mbeleje na mumewe kimetunzwa kwa mume, naye anakisoma kutoka huko kila alfajiri. Kikifutwa, ataamka bila kujua kwamba aliwahi kuolewa. Hataona hata pengo, kwa sababu kichwa chenyewe huwa kinaziba pengo kama fundi anavyosiriba ukuta. Na ikiwa Ndahani ndiye atakayebaki, basi mimi ndiye nitakayeamka hivyo. Nitakuwa mwanamke anayeishi peke yake kwenye nyumba yenye cherehani.

"Nani aliamua yatunzwe kwa mume?" nikauliza. Hasira ilikuwa imenipanda mpaka masikioni.

"Walioamua walikuwa waume," akasema.

Palikuwa na njia ya tatu: kuwaacha wote wawili. Eliwaza aliitaja kwa sababu sheria inamtaka aitaje. Amewahi kuona mtu mmoja tu aliyeachwa hivyo, mwanamume kutoka wilaya ya kaskazini. Alikonda akafa, na chakula kipo. Kila mmoja ndani yake alikuwa anadhani mwenzake ameshakula.

Kuchagua kunataka sauti za wake wote wawili, kwa pamoja, mbele ya sanduku lolote. Sauti yangu peke yake si kitu. Nilitoka nje nikamkuta Fidelis benchini, ametulia, fimbo ya mtu mwingine mikononi. Akaniuliza kwa adabu kama nimemaliza shida zangu, mtani, maana Mbeleje atakuwa anamngoja.

Njiani nilijaribu kuwaza jinsi nitakavyoamka hiyo Ijumaa bila yeye. Nilitafuta mahali patakaponiuma, sikupapata. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwamba nisingeumia.

*

Jumatano aliamka, akavaa, akaondoka. Hakuniuliza chochote. Nilimfuata nyuma kwa umbali kidogo, nikiona mguu wa kushoto unaburuza vumbi na hakuna aliyemwomba aburuze.

Nyumba ya mama Mbeleje iko katikati ya shamba la zabibu, na mlango wake una ukorofi: usipouinua kwa mkono kwanza, haufunguki. Fidelis hakuwahi kuufungua peke yake hata mara moja, alikuwa anapiga hodi na kutukana mpaka afunguliwe. Siku hiyo aliuinua, akausukuma, akaingia. Nikasikia sufuria ikianguka.

Nilipofika mlangoni mama Mbeleje alikuwa amesimama ukutani, kanga imemdondoka begani, na mume wangu alikuwa anaongea naye kwa upole. Alimwuliza kama maji ya zamu yamefika kwenye mistari ya chini. Akamwambia aache kulala na dirisha wazi, kifua chake hakipendi. Kisha akamtaja mtoto. Walikuwa na mtoto aliyezaliwa bila pumzi, zamani sana, na walimpa jina wao wawili tu, hawakumwambia mtu. Mimi jirani wa miaka yote sikujua. Fidelis alilitamka jina hilo pale jikoni kama mtu anayemwita mwanawe aje kula.

Mama Mbeleje alikaa chini. Alilia, akanyamaza, akamgusa shavu mume wangu kwa ncha za vidole. Halafu akanitazama mimi.

"Mtani," akasema, "niachie leo."

Ningefanya nini? Nilikuwa nimeshamweleza kila kitu jana yake jioni, safu mbili, Ijumaa, sauti zetu mbili, naye alinisikiliza akasema atafikiri. Sasa nilikuwa namwona akifikiri. Nikatoka, nikageuza kreti la zabibu, nikalikalia chini ya ukuta wa nyumba. Nilishinda hapo kutwa nzima. Ndani niliwasikia wanaongea, kuna wakati niliwasikia wanacheka, na kile kicheko kilinikata maini. Kilikuwa kinatoka kooni mwa mume wangu, lakini hakikuwa cha mume wangu. Nilijisemea huyu mama hatanirudishia. Mimi ningekuwa yeye, nisingerudisha.

Mchana walitoka kukagua mizabibu. Mzee alikuwa anaujua kila mti, akaueleza mmoja mmoja, huu ulipandwa mwaka wa mafuriko, ule uliugua. Lakini mkasi alipoushika, mikono ilikuwa ya fundi cherehani. Alikata matawi mabichi yenye macho ya kuchipua akaacha yaliyokufa. Mama Mbeleje aliokota lile tawi bichi akalishika muda mrefu.

Kisha jua likaanza kuzama.

Kifungo kina kawaida yake: jambo likifika saa yake, linakukumbusha. Ndiyo maana hatusahau kulisha kuku. Na kumbukumbu za mzee Ndahani zina mwisho wake, Jumamosi jioni, kitandani hospitali, hewa ikimkataa. Saa ile ilipofika mume wangu alisimama katikati ya mistari ya zabibu akashika kifua. Midomo ikapauka. Akapiga magoti. Ana mapafu mazima ya mtu wa miaka arobaini, na bado nilimwona akivuta hewa na hewa haiji, macho yamemtoka, vidole vinachimba udongo. Alikuwa anamwita Mbeleje. Nilimkimbilia, nikamshika, akanisukuma kama mtu asiyenijua.

"Mbeleje, nakufa," akasema. "Usiniache niende peke yangu."

Mama Mbeleje alimpakata kichwa. Aliyasema maneno fulani, nadhani ndiyo yale yale aliyoyasema hospitali, maana aliyasema bila kuyatafuta. Mwili ukakakamaa, ukalegea. Nikaanza kupiga kelele. Nilikuwa na uhakika ameshaondoka.

Halafu akafumbua macho, akakaa, akajipangusa udongo, akauliza leo tunakula nini.

Hakukumbuka kitu. Mama Mbeleje alikuwa bado amekaa chini, mapaja ameyatega kama vile kichwa kingali pale. Akaniuliza jana ilikuwaje. Nikamwambia juzi alishika kifua kidogo, jana akakohoa akahangaika mpaka akapiga goti, leo ni hivi. Akaniuliza kesho itakuwaje. Nikamwambia sijui, mama, binti wa kituoni hakusema.

*

Alhamisi mchana mama Mbeleje alikuja kwangu mwenyewe. Mume wangu alibaki shambani kwake akikatakata mizabibu. Nilikuwa nimejiandaa kumpigia magoti, na nilipomwona mlangoni kweli nikapiga.

"Mhehe anapiga magoti," akasema. "Inuka, usije ukaniletea mvua kabla zabibu hazijaiva."

Nikainuka. Akakaa kwenye kiti cha cherehani, akaipapasa ile sare iliyokuwa haijamalizika, akaniambia kwamba alimwuguza mumewe muda mrefu na alimwona akifa mara moja, na alidhani hiyo ndiyo imekwisha. Angeweza kuishi na mtu anayekata matawi vibaya. Angeweza kuishi na sura ya Mhehe, Mungu amsamehe. Lakini hawezi kumwua kila jioni kwa kumtaka asubuhi. Na huyu mwingine naye, Fidelis, anakufa kila siku kwa ugonjwa ambao si wake.

Nikamwuliza kama anajua anachokwenda kupoteza. Swali la kijinga, lakini nilitaka mmoja wetu akitaje.

"Ndahani," akasema. "Na mtoto naye ataondoka. Kwa hiyo wewe utaniambia. Kesho asubuhi, nikishaamka, uje uniambie kwamba nilikuwa na mume, na alikuwa mtu mwema, na tulizaa. Jina la mtoto umelisikia."

Nikamshauri tuandike kwenye karatasi, tuibandike ukutani kwake. Akakataa. Karatasi ataisoma peke yake, akasema, na jambo la namna hii mtu hasomi peke yake, anaambiwa na mtu mwenye mdomo, ambaye unaweza kumshika mkono. Kwao ndugu wamekwisha. Waliokuja msibani kutoka mbali wamesharudi makwao. Nimebaki mimi jirani.

"Uniambie mpaka niamini," akasema. "Niahidi."

Nilimwahidi. Niliahidi kwa moyo wote na kwa haraka, maana ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa atabadili nia. Nilikuwa naona saa inakimbia na nilimtaka mume wangu. Ningeahidi chochote.

Tukasimama mbele ya sanduku. Nikakigusa kioo chake, zikaja zile safu mbili na lile swali, nani abaki. Mimi nilitangulia, nikataja jina la Fidelis Kihwele. Sanduku likasubiri. Mama Mbeleje alikuwa ananitazama mimi wala hakuitazama mashine. Nilihesabu moyoni kila kitu ambacho mtu anaweza kufanya muda ule: kukohoa, kuomba maji, kuondoka zake. Nilikuwa naogopa mpaka kupumua.

"Abaki Mhehe," akasema.

Sanduku halikuelewa. Likamwomba ataje jina kamili. Ikambidi aseme mara ya pili.

*

Ijumaa alfajiri likanguruma, nami nikarudi, jina, nyumba, na aliyelala pembeni. Sikuthubutu kugeuka. Nililala hivyo hivyo nikiangalia dari mpaka nilipomsikia anasonya kwamba nimemnyang'anya shuka lote.

Fidelis. Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Kwake yeye ilikuwa bado asubuhi ya siku ya mazishi, alikuwa anatafuta viatu, akaniuliza watani wengine wameshafika kwa mzee Ndahani au bado. Nikamkalisha kitandani nikamweleza yote. Aliniamini pale pale. Alilia kama mtoto, akasema yeye amemwua mzee kila jioni na hakumbuki hata mara moja. Akataka tuongozane kwenda kwa mjane. Nikamwambia abaki, kazi hii nimeahidi mimi.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipofika nikainua mlango, nikausukuma. Mama Mbeleje alikuwa amepika uji na anaimba. Uso wake ulikuwa umetulia, miaka kumi imemtoka usiku mmoja. Koti la mzee lilikuwa limetundikwa msumarini mbele yake, naye alikuwa amelifutia mikono, doa bichi la uji liko kwenye mfuko. Alinikaribisha vizuri. Mimi alinikumbuka bila shida, Skolastika Mhehe, jirani, mtani. Akaniuliza mbona macho mekundu, nimepigwa?

Nilikaa karibu yake, nikamshika mkono kama alivyotaka. Nikamwambia. Nilimwambia alikuwa na mume, na amefariki Jumamosi, na tulimzika Jumapili hapo nyuma ya nyumba, na alikuwa mtu mwema aliyependa mizabibu. Nilimwambia walikuwa na mtoto. Nilitaja jina la mtoto. Nilisema yote kwa mpangilio, sikuficha, na machozi yalikuwa yananitiririka mpaka shingoni.

Alinisikiliza akiwa amekodoa macho. Halafu kona ya mdomo wake ikaanza kucheza. Akajaribu kujizuia, akashindwa, akaangua kicheko mpaka akaweka bakuli chini.

"Nyie Wahehe mmelaaniwa," akasema, akijipangusa macho kwa pindo la kanga. "Yaani umeamka asubuhi yote hii uje kunifishia mume nisiye naye. Na machozi juu."

Nikamwambia mama, huu si utani. Akacheka zaidi, maana hivyo ndivyo mtani anavyosema siku zote. Nikamvuta mkono mpaka dirishani, nikamwonyesha kaburi, udongo bado mbichi. Akalitazama. Akaniuliza ni nani kawazika mbwa wetu shambani kwake, au tulishiba tukabakiza, kwa ule utani wa Wagogo kwamba Wahehe tunakula mbwa. Alikuwa na furaha ya kweli. Muda mrefu hakuwa amecheka hivyo, nami nilimfahamu vya kutosha kujua.

"Haya niambie," akasema, "huyo mume wangu jina lake nani?"

"Ndahani," nikasema. "Ndahani Chilewa."

Alilionja jina lile taratibu, mara moja, mara mbili. Nilimkazia macho usoni nikingoja kitu, chochote. Sanduku la ukutani lilikuwa kimya.

"Jina zuri," akasema. "Nikipata mbwa nitamwita hivyo. Halafu nitamficha, msije mkamla."

Nikamshika mkono tena. Nikaanza upya, tangu mwanzo, naye akavuta kiti chake karibu, akaegemeza shavu kiganjani, akawa ananisikiliza anacheka.